Kanuni ya Chimbuko katika Uhifadhi wa Nyaraka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya msingi

1. Chimbuko la nyaraka ni nini?

Ni mtu, familia, ofisi au taasisi iliyoandika au kupokea nyaraka na kuzikusanya katika kuendesha shughuli zake. Kanuni ya chimbuko inadai kwamba nyaraka zilizotoka kwa mmoja zikae pamoja, zisichanganywe na za mwingine hata kama zote zinazungumzia jambo lile lile.

Sababu yake ni kwamba waraka wa kazini haukuandikwa usomwe peke yake. Chukua barua ya mistari miwili: "Yako ya tarehe 4 imepokelewa. Endelea kama tulivyokubaliana." Ikiwa ndani ya jalada lake, kati ya barua iliyoitangulia na dokezo lililoifuata, utajua nani aliagizwa, afanye nini, na kwa mamlaka ya nani. Ichomoe uiweke kwenye bahasha yake: karatasi ni ile ile, wino ni ule ule, lakini hakuna tena awezaye kusema walikubaliana nini.

Wapo wanaosema "kanuni ya asili". Si kosa, ila neno hilo huwapeleka wengi kwenye "nakala ya asili", yaani ile isiyo kivuli. Hayo ni mambo mawili tofauti, ndiyo maana hapa tunatumia "chimbuko".

2. Fondi ni nini?

Ni nyaraka zote za chimbuko moja, za aina yoyote: barua, rejesta, ramani, picha, kanda za sauti, faili za kompyuta. Neno limetoka kwenye Kifaransa. Fondi hujikusanya yenyewe kadiri kazi inavyofanyika. Hakuna mtu anayekaa na kuamua kuitengeneza. Hapo ndipo inapotofautiana na mkusanyiko, ambao mtu huuchagua kwa makusudi (tazama swali la 15).

Ndani ya fondi kuna ngazi: fondi yenyewe, kisha mfululizo (kwa mfano mihtasari ya vikao, au majalada ya watumishi), kisha jalada, kisha waraka mmoja mmoja.

3. Barua ni ya fondi ya aliyeiandika au aliyeipokea?

Iliyotumwa ni ya aliyeipokea. Ndiye aliyeigonga muhuri, akaipa namba, akaifungia jaladani na kuifanyia kazi. Nakala iliyobaki kwa mwandishi ni ya fondi ya mwandishi.

Kwa hiyo usitupe mojawapo kwa kudhani ni marudio. Nakala ya mwandishi inathibitisha kilichoandikwa, na pengine ina rasimu nyuma yake. Iliyopokelewa ina tarehe ya kufika, herufi za kwanza za jina la aliyeisoma, na maelekezo pembezoni kwa kalamu nyingine. Mara nyingi yale maneno ya pembezoni ndiyo uamuzi wenyewe.

4. Kuheshimu fondi na kuheshimu mpangilio wa awali, si kitu kimoja?

Ni ndugu wawili. Kuheshimu fondi ni mpaka wa nje: usichanganye nyaraka za hawa na za wale. Kuheshimu mpangilio wa awali ni utaratibu wa ndani: acha majalada, na karatasi zilizo ndani yake, katika mfuatano uliokuwepo zilipokuwa zikitumika. Unaweza kutimiza la kwanza ukavunja la pili, na Wafaransa wenyewe walianza hivyo (swali la 6). Majina haya mawili yakitumika ovyo ovyo, watu hubishana bila kujua kuwa wanazungumzia mambo tofauti.

5. Maktaba hupanga vitabu kwa mada na mambo yanakwenda. Kwa nini sisi tusifanye hivyo?

Kitabu kinajitosheleza. Kina mwandishi, jina, mwanzo na mwisho, na nakala yake nyingine ipo rafu ya mji mwingine. Jalada ni hatua moja ya kazi ndefu, na kwa kawaida lipo moja tu duniani.

Tena jalada moja lina mada nyingi. Jalada la ujenzi wa daraja lina mikataba, ugomvi wa fidia, hali ya mto, malipo ya vibarua na barua za wanakijiji. Utaliweka mada ipi? Popote utakapoliweka, mada nne zilizobaki zitalikosa. Na ukilikatakata ili kila mada ipate sehemu yake, daraja halitakuwa na habari tena.

## Kanuni ilikotoka

6. Nani aliianzisha, na lini?

Maandishi rasmi yanayotajwa zaidi ni waraka wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ufaransa wa tarehe 24 Aprili 1841, chini ya waziri Duchâtel. Fikra zake zilikuwa za Natalis de Wailly, aliyeongoza kitengo cha utawala katika hifadhi ya nyaraka ya ufalme mjini Paris. Waraka ulihusu hifadhi za mikoa: kusanyeni pamoja hati zote zilizotoka kwa chombo, taasisi, familia au mtu mmoja.

Ili kuelewa uzito wa agizo hilo, tazama kilichotangulia. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, serikali ilirithi nyaraka za mahakama za zamani, nyumba za watawa na ofisi za mfalme zilizofutwa. Armand-Gaston Camus, mkuu wa kwanza wa hifadhi ya taifa, na baada yake Pierre Daunou aliyeshika nafasi hiyo mwaka 1804, walizigawa katika mafungu yaliyobuniwa na wahifadhi wenyewe. Hati zilizoonekana kuwa na thamani ya kihistoria zilichomolewa katika fondi mbalimbali na kuwekwa chini ya herufi kama K. Mafungu hayo yapo mpaka leo, na mtafiti bado hulazimika kuuliza kila hati ilitoka kwa nani kabla ya kuitumia.

Hoja ya de Wailly ilikuwa ya kazi, si ya falsafa. Mpangilio wa kufikirika hubadilika na kila mtu anayefikiri, na ghala likishavurugwa hivyo kulirekebisha ni shida kubwa. Lakini waraka ule ule uliruhusu nyaraka zilizo ndani ya fondi zipangwe kwa mada. Mpaka wa nje ulilindwa, mpangilio wa ndani haukulindwa.

Zama hizo hizo, huko Toscana nchini Italia ya leo, Francesco Bonaini alipanga hifadhi ya Firenze, iliyoanzishwa mwaka 1852, kwa kufuata historia ya taasisi zilizozalisha nyaraka. Wazo halikuwa la mtu mmoja wala nchi moja.

7. Prussia na Uholanzi ziliongeza nini?

Mpangilio wa ndani. Kanuni za hifadhi ya siri ya serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, mjini Berlin, zilizoandaliwa na Max Lehmann chini ya mkurugenzi Heinrich von Sybel na kuanza tarehe 1 Julai 1881, ziliagiza nyaraka za kila ofisi zibaki katika mfuatano na kwa namba zilizopewa na masjala ya ofisi hiyo. Hili liliwezekana kwa sababu masjala za Prussia zilikuwa na nidhamu: kila karatasi iliandikishwa ikiingia na kupewa jalada lake. Ambapo masjala ni imara, mhifadhi hupokea kazi iliyokwisha kupangwa. Ambapo ni dhaifu, kanuni ile ile inakuwa ngumu kutekeleza (swali la 11).

Mwaka 1898 Waholanzi watatu, Samuel Muller, Johan Feith na Robert Fruin, walitoa mwongozo wenye kanuni 100. Waliilinganisha fondi na kiumbe hai: inakua, inabadilika umbo pamoja na ofisi yake, na haiwezi kuundwa upya kwa matakwa ya mtu. Kanuni yao ya 16 inataka mpangilio ujengwe juu ya mpangilio wa awali, ambao kwa kiasi kikubwa hufuata muundo wa chombo chenyewe. Hawakuwa watumwa wa karatasi, kwani walikubali kurekebisha makosa ya waliorudisha jalada mahali pasipo pake. Mwaka 1910, mkutano wa kimataifa wa wahifadhi nyaraka na wakutubi mjini Brussels uliipitisha kanuni ya chimbuko kuwa msingi wa kazi.

8. Kwa nini Marekani na Australia hutumia maneno mengine?

Marekani ilianzisha hifadhi yake ya taifa mwaka 1934 na ikakuta milima ya majalada ya idara kubwa mno. Mwaka 1941 ikachagua kipimo kinachoitwa kundi la kumbukumbu, ambacho kwa kawaida ni idara moja yenye ukubwa unaosimamika. Ni fondi iliyopunguzwa makali kwa ajili ya utendaji.

Australia ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1966 mhifadhi Peter Scott alipendekeza kuachana na kundi hilo, kwa sababu ofisi huundwa na kuvunjwa upesi huku mfululizo wa majalada ukiendelea kutoka ofisi hadi ofisi. Tangu hapo huko maelezo hujengwa juu ya mfululizo, na kila mfululizo huunganishwa na ofisi zote zilizowahi kuushika. Kwa maoni yetu huo si uasi. Chimbuko limebaki, kilichokataliwa ni dhana kwamba kila mfululizo una chimbuko moja tu.

## Kazini

9. Nimepokea maboksi ya ofisi iliyofungwa. Nianzie wapi?

Usipange chochote. Piga picha rafu na maboksi yalivyo, kisha yape maboksi namba kwa mfuatano uliyoyakuta, kuanzia kushoto rafu ya juu. Andika kwa penseli laini. Wino na gundi hubaki milele.

Siku hiyo hiyo jaza rejesta ya mapokezi: aliyekabidhi, tarehe, idadi ya maboksi, urefu kwa mita za rafu (boksi la kawaida lina upana wa sentimita 10 hadi 12, hivyo mita moja hubeba manane hadi kumi hivi), na hali yake. Muulize anayekabidhi maboksi haya yalikaa chumba gani, nani aliyatumia, na kama kuna mengine yaliyobaki au kuteketezwa. Majibu hayo hayamo katika karatasi yoyote, na mwenye kuyajua akistaafu yanaondoka naye.

Kisha orodhesha boksi kwa boksi: namba ya jalada, jina lake kama lilivyoandikwa kwenye kava (usilisahihishe), tarehe ya kwanza na ya mwisho. Baada ya hapo tafuta historia ya ofisi: sheria iliyoianzisha, muundo wake, mabadiliko ya majina. Pangilia kwanza kwenye orodha, iwe ya karatasi au ya kompyuta. Jalada lisisogezwe mpaka mpango uwe umekamilika na kukubaliwa.

Kinachoharibu mambo mara nyingi zaidi ni msaidizi mwenye nia njema anayeanza kwa kung'oa pini zote na kupanga karatasi kwa tarehe. Kwa mchana mmoja hufuta muundo ambao hakuna atakayeujenga tena.

10. Uzi umekatika na karatasi zimemwagika. Mpangilio wa awali nitaujuaje?

Karatasi zenyewe hutoa ushahidi. Anza na namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, mara nyingi kwenye kona ya juu kulia, ukizingatia kuwa namba iliyokatwa na kuandikwa upya inaonyesha karatasi ilihamishwa ilipokuwa bado kazini. Fuata namba za rejea kwenye madokezo: dokezo likisema "tazama folio 17", umepata jirani mmoja.

Namba zikikosekana, tumia macho na mwanga wa pembeni. Pini iliyoshika kutu huacha kivuli cha rangi ya matofali juu ya karatasi iliyogusana nayo, na vivuli viwili vinavyolingana vilikuwa uso kwa uso. Tundu za uzi zilizotobolewa kwa pamoja hukaa kwenye mstari mmoja ukiziinua dhidi ya taa. Doa la maji hupungua karatasi kwa karatasi, kwa hiyo lenye ukingo mpana lilikuwa karibu zaidi na maji. Mikunjo nayo husema zipi zilikunjwa pamoja.

Ukimaliza, andika ulichotumia: "Mfuatano umerejeshwa kwa namba za folio, karatasi 6 za mwisho kwa alama za kutu." Anayekuja baada yako ana haki ya kujua wapi una hakika na wapi umekisia.

11. Na kama mpangilio wa awali wenyewe ni vurugu?

Jiridhishe kwanza kuwa ni vurugu. Barua ya benki ndani ya jalada la mipaka ya shamba huonekana imepotea njia, mpaka ugundue kuwa shamba liliwekwa rehani.

Ikiwa kweli hakuna utaratibu, kwa mfano karatasi za mtu binafsi zilizosombwa kwa magunia na jamaa zake baada ya msiba, mhifadhi anaruhusiwa kupanga. Panga kwa shughuli za maisha yake (kazi, familia, mali, chama), usipange kwa mada za watafiti. Na utamke wazi katika maelezo kuwa mpangilio ni wako.

12. Watafiti wanataka mada. Tuwasaidieje bila kuvunja fondi?

Kwa faharasa. Rafuni jalada lina mahali pamoja tu. Katika faharasa linaweza kutokea mara kumi, chini ya maji, fidia, vibarua na jina la mto. Ubishi mwingi kuhusu kanuni hii unatokana na kudhani kwamba karatasi lazima zihame ili habari zipatikane.

13. Katika maelezo niandike nini ili chimbuko lisipotee?

Kiwango cha kimataifa cha kueleza nyaraka, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1994 na kujulikana kwa kifupi ISAD(G), kina vipengele 26. Sita ndivyo visivyokwepeka: namba ya rejea, jina, aliyezalisha, tarehe, kiasi, na ngazi ya maelezo. Anza na fondi nzima ndipo ushuke, na lililokwisha kusemwa juu lisirudiwe chini. Historia ya ofisi iandikwe mara moja kwenye ngazi ya fondi, si juu ya kila jalada.

Kipengele kinachoachwa wazi mara nyingi, na tunaona ni hasara kubwa, ni historia ya uangalizi: nyaraka zilipita mikononi mwa nani tangu zitoke ofisini hadi zifike kwako. Sentensi tatu zinatosha.

## Penye utata

14. Ofisi mbili zimeunganishwa. Fondi ni ya nani?

Angalia yalivyotumika majalada baada ya muungano. Ofisi mpya ikiyaendeleza na kuyaingiza katika masjala yake, ni ya fondi mpya. Yakiwa yalifungwa na kuwekwa stoo tu, yabaki fondi ya ofisi ya zamani. Kubadilika jina peke yake hakuzai fondi.

Je, kitengo kidogo kina fondi yake? Mhifadhi wa Kifaransa Michel Duchein, mwaka 1977, alitoa vigezo vitano vinavyosaidia: kiwe na jina na uhai wa kisheria ulioanzishwa kwa tendo lenye tarehe, mamlaka yaliyo wazi, nafasi inayojulikana katika ngazi za utawala, mkuu mwenye uwezo wa kuamua, na muundo wa ndani unaojulikana. Kikikosa hivyo, ni sehemu ya fondi ya kilicho juu yake. Ambapo ofisi huvunjwa kila mara, njia ya Australia (swali la 8) hukuondolea maumivu ya kichwa.

15. Mkusanyaji amenunua barua kutoka sehemu nyingi. Nizirudishe kwenye fondi zake?

Hapana. Kitendo cha kukusanya nacho ni chimbuko. Eleza yote mawili: zilikotoka kwanza, na aliyezikusanya, kisha unganisha maelezo. Isipokuwa kama ziliibwa. Hapo jambo ni la kisheria.

16. Ramani haienei kwenye boksi. Kuitenganisha ni kuvunja kanuni?

Kanuni inalinda uhusiano; umbali wa mita chache ghalani hauudhuru, mradi umeandikwa. Mahali ramani ilipotoka weka karatasi yenye namba yake, jina, vipimo, mahali ilipohamia, tarehe na saini yako. Ramani nayo ibaki na namba ya jalada lake. Kosa la kawaida ni kuandika upande mmoja tu.

17. Kwa faili za kompyuta kanuni bado ina maana?

Ina maana zaidi, kwa sababu uhusiano hufutika bila kuacha hata alama ya kutu. Ukiburuta folda kutoka diski moja kwenda nyingine, tarehe za faili zinaweza kubadilika. Tumia kifaa kinachoruhusu kusoma diski bila kuandika juu yake, chukua taswira kamili ya diski, kisha tengeneza namba ya uhakiki ya kila faili. Ukitumia SHA-256, njia moja ya kukokotoa namba hiyo, utapata tarakimu na herufi 64, na biti moja ikibadilika namba nzima hugeuka.

Mpangilio wa awali ni njia ya folda. Usibadilishe majina ya faili yawe "mazuri". Hata "rasimu mwisho 3 kweli" ni ushahidi wa jinsi kazi ilivyokwenda. Barua pepe zihifadhiwe na vichwa vyake kamili, kwa kuwa humo mna namba ya utambulisho ya ujumbe na ya ule unaojibiwa. Ukizichapisha kwenye karatasi, uzi huo umeukata mwenyewe.

18. Chimbuko huamua nani mwenye nyaraka?

Haliamui peke yake. Chimbuko hueleza zilikotoka. Umiliki ni suala la sheria na makubaliano. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuhifadhi Hanslope Park, jengo lake huko Uingereza, majalada ya tawala za makoloni 37, yaliyohamishwa wakati wa uhuru. Yalijitokeza katika kesi ya wazee wa Mau Mau kutoka Kenya. Sasa yamo katika hifadhi ya taifa mjini London kwa namba FCO 141. Yalizalishwa na ofisi za makoloni, na majalada mengine ya ofisi hizo hizo yalibaki makoloni. Mkataba wa Vienna wa 1983 ulijaribu kuweka kanuni za urithi wa nyaraka kati ya dola, lakini haujaanza kutumika.

Hata pale kurudisha kunapokawia, mhifadhi anaweza kuandika katika maelezo ya kila upande kwamba nusu nyingine ipo wapi.

19. Na watu walioandikwa ndani ya majalada, wao si chimbuko?

Kwa karne nzima jibu lilikuwa hapana: mwandishi wa rejesta ya wafungwa ni gereza, si mfungwa. Siku hizi wataalamu wengi, Tom Nesmith wa Kanada akiwa mmoja wao, wanasema chimbuko ni pamoja na jamii ambamo nyaraka zilizaliwa. Bila wafungwa rejesta isingekuwepo. Kielelezo kipya cha maelezo cha Baraza la Kimataifa la Nyaraka, toleo la kwanza kamili la mwaka 2023, kinaruhusu waraka uunganishwe na watu na vyombo vingi kwa aina mbalimbali za uhusiano.

Kwenye meza ya kazi, hili hugusa zaidi majina ya majalada yenye maneno ya dharau. Jina la awali libaki, kwa kuwa ni ushahidi wa fikra za ofisi ile. Chini yake weka maelezo mapya yenye majina ambayo watu hao hujiita wenyewe, pamoja na tarehe ya kuongezwa na cheo cha aliyeongeza.